Meza ya Wafaransa

Jana, kwenye hoteli moja hapa Mbale, nilisikia harufu ya siagi ikikaangwa na kitunguu saumu, hamu ya kula ikanitoka.

Mama alikuwa mpishi wa familia ya Wafaransa kule Jinja. Nilikaa naye kwenye chumba cha uani; wadogo zangu waliachwa kwa nyanya huku Mbale, mtaa wa Namakwekwe. Siku moja familia ilikuwa imerudi kutoka likizo Amerika. Nilikuwa nimewapelekea mkate mezani wakati madam, aliyejifunza Kiswahili Nairobi, alipomgeukia mama.

"Wamarekani wananishangaza, mama. Wanakula ndani ya gari, wanakula wakitembea. Baba saa yake, mtoto saa yake. Sasa hiyo ni familia?"

"Pole yao, madam."

Mimi nikadakia, "Hata sisi, madam. Mama anakula jikoni amesimama, nyinyi mkimaliza. Wadogo zangu wanakula Mbale."

Uma zikatulia. Mama akanifinya bega, akacheka, akasema mtoto huyu anapenda mchezo. Madam hakucheka. Aliuliza kwa upole, "Kwani huyu anakaa hapa kila siku?"

Jumamosi mama alinipandisha teksi ya Mbale na furushi langu la nguo.

"Hukusema uongo," aliniambia dirishani. "Lakini kazi naihitaji."

Kwa nyanya tulikula sote sinia moja. Mama alibaki Jinja akipika miaka yote ya utoto wetu. Alipokuja Krismasi tulimtengea kiti na sahani yake peke yake, kama mgeni.