Mchele wa Njano na Macho ya Mpwa Wangu

Mchele wenyewe niliuona mara moja tu, tena kwenye picha. Ulioneshwa ukutani katika ukumbi wa mkutano hapa mjini, mbele ya wakulima, mabwana shamba, wauguzi wa vituo vya afya, na sisi waandishi tuliokaa nyuma karibu na birika la chai. Punje zilikuwa za njano, njano ya kiini cha yai. Mtaalamu aliyezungumza, mwanamama mwembamba kutoka bara, alisema mchele huo umebadilishwa vinasaba ili punje ibebe kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mchele wetu mweupe hauna kitu hicho, alisema, na mtoto anayekula wali mtupu kila siku anaweza kushiba tumbo huku macho yake yana njaa.

Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Cheju alinyoosha mkono.

"Huo umeshapikwa biriani?"

Ukumbi ulicheka, na mtaalamu naye akacheka. "Bado mbichi huo, mzee wangu."

"Basi kwetu hautouzika. Mke wangu akiona punje ya njano kwenye ungo anaitupa. Njano ni mchele uliolowa ukavunda."

"Na mbegu je?" mwengine akadakia. "Tutaweka wenyewe, au kila msimu tuje kwenu na bakuli?"

Wako waliohofia kwamba mbegu za maabara zitachanganyika na za kwao. Muuguzi mmoja akawajibu kwamba mtoto akishapofuka hatouliza mbegu ilitoka wapi. Mtaalamu hakuahidi kitu. Alisema mchele huo haulimwi hapa na huenda usilimwe kwa muda mrefu, na kwamba katika nchi moja ya Asia ulikubaliwa kisha mahakama ikausimamisha. Kabla hatujaenda kula, akataja dalili za mtoto aliyepungukiwa na vitamini hiyo. Ya kwanza ni kutoona vizuri jua linapozama. Mtoto hugonga vitu, hukaa kimya mahali pamoja, hupapasa ukuta.

Niliandika: "Haoni magharibi, hupapasa ukuta." Nikapiga mstari chini yake, maana nilijua hiyo ndiyo sentensi wasomaji watakayoikumbuka.

Jioni ile nilirudi nyumbani, Mji Mkongwe, nikamkuta mpwa wangu wa miaka minne amesimama ukumbini peke yake, mkono mmoja umegusa ukuta. Nikamwambia, "Mbona umesimama hapo kama askari?" Akasema, "Namngoja bibi, Mjomba." Nikampita.

Yaliyofuata nayaandika kwa mpangilio, kwa sababu kwa miaka mitatu sasa yamekuwa yakinijia bila mpangilio.

Tunaishi ghorofa ya juu ya nyumba ya babu yetu. Wazee wetu walitoka Arabuni, na zamani walikuwa na mashamba ya karafuu upande wa Kidichi. Sasa tumebakiwa na kipande kidogo chenye mipapai na michungwa, na mtu wa kukiangalia. Ubwana wenyewe ulikwisha kabla sijazaliwa, ila jikoni ulibaki. Mama yangu alichagua mchele kila asubuhi, akauosha maji matatu mpaka maji yakatoka maangavu, sufuria ikaonekana chini, akaupika ukawa punje mojamoja. Mchicha, matembele na boga vilikuwa chakula cha watu wa shamba. Mapapai yalipoletwa kutoka Kidichi tuliyagawa kwa majirani, tukashukuriwa.

Mpwa wangu alilelewa humo. Dada yangu, mama yake, ni mwalimu wa skuli na hurudi alasiri amechoka. Baba yake anafanya kazi katika hoteli Bwejuu na huja siku moja kwa wiki. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa bibi. Tangu alipoachishwa ziwa alikataa karibu kila kitu. Samaki ananuka, mayai yanateleza, mboga ni majani. Alipenda wali na chumvi na ndimu, au wali uliomwagiwa chai ya rangi. Dada yangu alijaribu kumlazimisha, mama akamzuia.

"Muache mtoto. Anayekula wali hana neno."

Siku ya matone ya vitamini A ya watoto wauguzi walifika mpaka chochoroni kwetu, wakaita kutoka chini. Mama aliinama juu ya ngazi akawajibu kwa upole kabisa: "Hapa hakuna mtoto mwenye njaa, wanangu. Wapelekeeni wa shamba." Nilikuwapo. Nililiona jibu lile ni la kuchekesha, na nilicheka.

Ngazi zetu ni za zamani, nyembamba na za kusimama. Asubuhi mtoto alizishuka mbio mpaka tukawa tunamkanya. Karibu na wakati wa mkutano ule alianza, ikifika magharibi, kuzishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, huku akinyoosha mguu kutafuta inayofuata. Sote tuliona. Na sote tulikuwa na maelezo, kwa kuwa wakati ule una maelezo yake kwetu: mtoto haachwi nje wala kwenye ngazi magharibi, maana ndio wakati wanapopita wasioonekana. Mtoto anayepoteza uchangamfu saa hiyo hiyo, kila siku, na asubuhi akaamka mzima, atakuwa ana nini kingine? Kapitiwa na upepo.

Mama alimpeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mpole anayetujua tangu utotoni. Alimsomea, akamwandikia kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi, mtoto akanywa. Alipomaliza alituambia, "Na hospitali mumpeleke pia." Alisema wazi, mbele yangu. Kwa dua sina la kusema. Ninachosema ni kwamba tulishika nusu ya maneno ya mwalimu, tena nusu iliyokuwa rahisi.

Aliyejua ni bibi wa pili wa mtoto, mama wa baba yake, mkulima wa mwani huko Bwejuu. Alikuja kututembelea na kikapu cha muhogo, akakaa na mama kwenye baraza ya ndani mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa mezani naandika makala ya mchele wa njano, iliyotakiwa asubuhi yake.

"Shikamoo, bibi," nilimsalimu alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Unaandika tu, hupumziki?"

Baada ya sala nilimsikia akimwambia mama, "Mwenzangu, mtoto huyu haoni."

"Anaona. Mchana anaokota hata sindano."

"Mchana ndio. Miye nasema magharibi. Nimemnyooshea kipande cha muhogo, kashika hewa. Kwetu mtoto kama huyu tunampa ini na matembele ya nazi, na siku hazipiti nyingi anakimbiza kuku gizani."

"Kwenu," mama alisema, "mna vyakula vyenu."

Yule bibi alikivuta kikapu chake karibu. "Vyakula vyetu ndivyo vilivyomlea baba yake. Nshalea tisa, mwenzangu, na macho ya watoto nayajua kama ninavyoujua mwani. Usinikasirikie."

"Sikukasirika. Lakini mjukuu wangu hali majani."

"Mjukuu wetu," alisema bibi wa Bwejuu.

Nilikuwa nimefika kwenye aya ya dalili. Mbele yangu palikuwa na daftari, na sentensi iliyopigiwa mstari. Niligeuka nikawaomba wapunguze sauti kidogo, nina kazi ya watu.

Makala ilitoka. Ilikuwa nzuri, wenzangu waliisifu. Nilimnukuu mkulima wa Cheju na biriani yake, nikapima hoja za kila upande, nikamaliza kwa kuuliza kama visiwa vyetu viko tayari. Nilizungumzia "watoto wa familia zisizo na uwezo," maneno niliyoyaongeza mwenyewe. Mtaalamu hakuyasema.

Wiki chache baadaye surua ilipita mtaani. Mpwa wangu alikuwa na chanjo ya kwanza, ya pili hakuipata, kwa uzembe uleule. Akashikwa na homa, vipele vikatoka, na nyumba ikafanya kama inavyofanya. Alilazwa chumba cha nyuma, madirisha yakafungwa, mapazia yakashushwa, mwanga usimdhuru. Mafuta na samaki vikakatazwa kwa kuwa huchochea ugonjwa. Akapewa uji wa mchele mweupe, na mama akamnywesha kijiko kwa kijiko, hakulala wala hakukaa. Nataka hilo lijulikane. Mtoto yule hakukosa mapenzi hata saa moja.

Alilia kwamba macho yanauma. Tukamwambia ni surua, itakwisha. Alipoacha kulia tukashukuru.

Siku tulipofungua madirisha, dada yangu alimbeba akamsogeza kwenye mwanga, kisha akaniita kwa jina langu, sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwengine. Jicho la kulia lilikuwa jeupe. Weupe wake ulikuwa wa maziwa yaliyoganda, na katikati palikuwa pamebonyea.

Hospitalini daktari wa macho alimlaza mtoto mapajani kwa mama yake, akamulika jicho la kulia muda mfupi na la kushoto muda mrefu. Kwenye la kushoto alituonesha kidoa karibu na kiini, cheupe, kama povu la sabuni lililokauka.

"Magharibi alikuwa anaona?" aliuliza.

Mama yangu alifungua mdomo, lakini mimi ndiye niliyejibu. "Haoni magharibi. Hupapasa ukuta."

Daktari aliniangalia. "Tangu lini?"

"Kama miezi miwili."

Hakutugombeza. Alichukua kidonge laini, akakata ncha kwa mkasi, akamkamulia mtoto mdomoni. Matone machache. Haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa. Alisema atapewa kingine kesho yake, na kingine baada ya wiki mbili, na la kushoto inshallah litapona. La kulia hakulizungumzia mpaka dada yangu alipouliza, naye akajibu kwa neno moja.

Tulipofika chini ya nyumba mama alisimama kwenye ngazi ya kwanza, akashika kamba ya kupandia. "Mie ndiye niliyemlisha," alisema. Tulimwambia si yeye peke yake. Akasema, "Najua. Lakini mkono ulikuwa wangu." Akapanda.

Makala nilimwonesha dada yangu mimi mwenyewe, kwa sababu nilihofia ataiona kwa mtu mwengine. Alisoma yote, polepole, kama anavyosahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alipofika kwenye dalili kidole chake kilisimama.

"Uliandika wewe hii?"

"Mimi."

"Kabla?"

"Kabla."

Alilikunja gazeti mara mbili, akanirudishia. Tangu siku ile hajalitaja tena, na mie bado nangoja alitaje.

Watu wanaojua kazi yangu huniuliza msimamo wangu juu ya mchele ule. Nimejaribu kuwa mwaminifu. Matembele yalikuwa yakiuzwa Darajani kila siku. Ini lilikuwa kwa mchinjaji. Mapapai tuliyagawa. Matone yalitufuata mpaka chini ya ngazi. Kwa hiyo wanaponiambia kwamba maabara ndiyo itakayotuokoa, nawaza juu ya nyumba yetu na sikubali. Wanaponiambia kwamba mchele huo ni sumu na hauna haja, maana mboga zipo, nawaza juu ya mtoto ambaye hakula kitu chochote ila wali, na sikubali vilevile. Angeula, kama mama angekubali kuupika. Mama nilimuuliza. Alifikiri sana, akasema, "Wakati ule ningeutupa. Sasa ningeupika hata ungekuwa wa buluu."

Sasa mtoto ana miaka saba. Jicho la kushoto lilipona, la kulia lilisinyaa. Anakula matembele ya nazi anayoletewa na bibi yake wa Bwejuu, anakunja uso lakini anakula, kwa kuwa mama hukaa mbele yake mpaka sahani iishe. Anasoma vizuri. Darasani huomba kukaa upande wa kulia wa wenzake, ili wote wawe upande anaouona, na mwanzoni mwalimu wake alidhani ni ukaidi. Watoto wa chochoroni walimtania, akawapiga wawili, yakaisha.

Mwaka huu tulipanda boti kwenda bara kumwekea jicho la bandia. Fundi alikuwa kijana mtaratibu. Alileta trei yenye macho mengi ya kahawia, mengine yamekolea rangi, mengine mepesi kama chai, akamketisha mtoto karibu na dirisha ili tulinganishe na lile zima.

"Hili litaona?" mtoto aliuliza.

"Hili la kupendezea," fundi alisema. "La kuonea ni lako lile."

"Basi kwa nini tunachagua sana?"

Fundi alinitazama mimi. Dada yangu alishika moja, akaliweka karibu na shavu la mtoto, akalirudisha, akashika jengine. Alifanya hivyo muda mrefu. Mimi niliambiwa nimshike kichwa, asitikisike.