Kuangukia Mgongo

Timu yetu ilikuwa na mafowadi sita, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo haya ninayoyasema juu ya udhaifu wetu siyasemi kama mtazamaji. Tulicheza raga ya wachezaji kumi na watatu kwenye uwanja wa shule nje kidogo ya mji wa Meru. Katika raga hii, timu ikishaangushwa mara sita inawaachia wengine mpira. Kila ukiangushwa unasimama, unauweka mpira chini, unaurudisha nyuma kwa mguu, na mwenzako anauchukua. Ukisimama haraka, unawakuta wapinzani hawajajipanga. Ukichelewa, unawapa nafasi ya kupumua.

Timu ya Embu ilikuja kwetu ikatushinda vibaya. Baada ya mechi kocha wetu, mwalimu wa michezo aliyecheza raga tangu chuoni, aliniita kando.

“Wewe unapenda kuandika kila kitu,” alisema. “Niandikie mafowadi wana shida gani. Na usinifichie mtu.”

Niliandika ukurasa mmoja. Kwanza, tulikuwa wepesi. Watatu kati yetu walikuwa wachumaji wa miraa kutoka upande wa Kangeta, na mchumaji mzuri huwa mwembamba kwa sababu tawi la mti halimvumilii mtu mzito. Pili, baada ya mapumziko hatukurudi nyuma mita kumi kama sheria inavyotaka. Tulirudi sita, tukashika viuno. Tatu, mimi nilikuwa nakaba kwa mikono badala ya bega. Nne, mtu mkubwa kuliko sote, ambaye ndiye tuliyemtegemea kupasua njia, alikuwa wa mwisho kusimama kila alipoangushwa.

Kocha alisoma mpaka la nne akakunja karatasi.

“Huyo hachezi tukienda Ishiara kurudiana na Embu. Ana wiki tatu. Akijifunza kusimama, nitabadilisha mawazo.”

Sikuwa nimetaka hivyo. Mtu huyo ndiye aliyenileta kwenye timu. Mimi ni Mmbeere, nyumbani ni huko huko Ishiara, na nilipohamishiwa Meru kufundisha sikujua mtu. Siku yangu ya kwanza uwanjani wenzake walikuwa wakipiga gumzo kwa Kimeru. Yeye aliwaambia, “Huyu mgeni asikie tunachosema,” na tangu jioni hiyo mazoezi yote yakafanywa kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtu mmoja. Kiswahili chao kilikuwa kibovu na changu pia, lakini hakuna aliyerudi nyuma.

Nilimwambia mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyeandika.

“Mwalimu, uliandika ukweli,” alisema. “Lakini mimi nina miaka thelathini na saba. Nikikaa nje mechi moja, sitarudi. Umri huu mtu akitoka ametoka.”

Jumamosi iliyofuata nilienda Maua, alikofanya kazi ya kupakia miraa kwenye pikapu za kwenda Nairobi. Nilitaka kuona anavyosimama siku ya kazi, maana mtu mvivu hakai katika kazi ile. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu wa mteremko ulikuwa unateleza. Wapakiaji walishuka kwa haraka, kila mmoja amekumbatia mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba. Katikati ya mteremko aliteleza. Alijigeuza hewani, akaanguka kwa mgongo, mzigo ukiwa juu ya kifua chake kama mtoto. Akakaa hivyo hivyo mpaka mwenzake alipokuja kuuchukua. Ndipo akaanza kuinuka, taratibu.

Hakuna aliyecheka. Muda mfupi baadaye mwingine aliteleza, akaanguka vile vile.

“Kwa nini huangukii mbele?” nilimuuliza.

“Miraa ikipondeka inakuwa nyeusi, hakuna anayeitaka.” Alijipangusa matope. “Mgongo wangu hauuzwi.”

“Na mpira je?”

Aliacha kujipangusa.

“Mpira haupondeki,” nilisema.

“Mwalimu, umetoka Meru mpaka hapa kuniambia mpira haupondeki?”

“Ndiyo.”

“Basi kula kwanza.”

Kuanzia Jumatatu tulibaki uwanjani kila siku baada ya wengine kumaliza, mimi nikimwangusha, yeye akijifunza kuangukia magoti na viwiko, uso ukielekea kule anakokwenda. Wiki ya kwanza mwili wake ulikataa. Miaka kumi na tano ya mteremko wa Maua haitoki kwa siku tano. Wachumaji wa miraa walikaa kwenye nyasi wakitutazama.

“Mzee, tukuletee chai hapo chini?”

“Mwacheni, anahesabu mawingu.”

Yeye alinigeukia mimi. “Na wewe unanivuta kama mbuzi wa sokoni. Nipige na bega.” Nikajifunza kutumia bega. Bega langu lilivimba mpaka nikawa naandika ubaoni kwa shida. Mpaka leo sijui mtu mwingine ambaye angekubali kuangushwa mara hamsini kwa siku na aliyemshtaki.

Kocha alimpa jezi asubuhi ya safari. “Nakujaribu tu,” alimwambia.

Ishiara kulikuwa na jua kali na ardhi ngumu kama sakafu. Mjomba wangu alikuja na majirani, akasimama kandokando ya uwanja.

“Wewe si wa kwetu?” alipaza sauti. “Mbona umevaa nguo za Wameru?”

Mara ya kwanza kupewa mpira, mzee wetu aliangushwa akalala chali, amekumbatia mpira kifuani. Nilimwona kocha akiwatazama wachezaji wa akiba. Mara ya pili watu wawili walimshika miguu. Alienda chini kwa magoti, kisha viwiko, na kabla hawajamwachia vizuri alikuwa ameshasimama. Mwenzetu aliuchukua mpira nyuma yake na kuwakuta Embu wakiangaliana. Alikimbia mpaka chini ya milingoti bila kuguswa.

Baada ya mapumziko tulichoka, kama kawaida yetu. Embu walisawazisha, wakaongeza. Kocha aliinua mkono kutaka kumtoa fowadi mmoja. Mzee alimwona. Alisimama pale pale mikono ikiwa magotini, akisubiri kuitwa. Kidole cha kocha kilinielekea mimi.

Nilipompita alinipiga kofi begani, lile bega bovu.

Mjomba alinipa maji. “Wamekutoa?”

“Wamenitoa.”

“Na yule mzee?”

“Yule anabaki,” nilisema nikitabasamu.

“Mnafurahia kutolewa, nyinyi watu wa Meru?”

Nilikunywa maji. Zilibaki dakika chache na tulikuwa nyuma kwa alama mbili, na nyuma kwa alama mbili ndivyo tulivyomaliza. Lakini wakati huo mzee alikuwa amepewa mpira tena, akaingia katikati ya watu watatu. Waliangukia vumbi wote wanne, na wa kwanza kusimama alikuwa yeye.