Bakuli Lisilofunikwa

Tangu aolewe mjini Hanamaki, Tamiyo Oikawa hakuwa na kazi nyingine ila kuwamwagia watu tambi za soba. Mkahawani kwao mlaji hushika bakuli moja, na mhudumu husimama kando yake na sinia la vibakuli, kila kimoja kina tonge dogo. Mlaji hajamaliza kumeza, keshamwagiwa jingine, mhudumu akiimba, "Haya ongeza, haya sukuma." Kusema umeshiba hakusaidii. Linalomzuia mhudumu ni kifuniko tu: umalize hata unyuzi wa mwisho, kisha ufunike bakuli kabla hujawahiwa.

Ujanani mkono wa Tamiyo ulikuwa mwepesi kama ulimi wa kinyonga. Sasa bega la kulia lilikuwa bovu, na asubuhi alichana nywele kwa mkono wa kushoto. Alikwisha kumwambia Yasuko, mwenye mkahawa, kwamba anataka kuacha kazi. Yasuko hakugomba. Alimpa pole, akamnunulia plasta za bega, kisha akamwomba avumilie mpaka msimu wa kutazama maua uishe. Maua yakaisha, ikawa mpaka likizo za kiangazi. Zikapita, ikawa mpaka majani yageuke rangi. Na kila mara Tamiyo aliinamisha kichwa, akasema sawa.

Siku theluji ya kwanza ilipoanguka, lilikuja basi la wageni kutoka Sendai. Kijana mmoja mnene, jasho likimtoka, akamtania.

"Bibi, mbona unahema? Anayekula si mimi?"

"Wewe unashusha, mwanangu. Mimi napandisha."

Meza nzima ikacheka, naye akacheka nao, bega likiwaka moto.

Wageni walipoondoka, wahudumu walikaa jikoni kula zilizobaki. Yasuko mwenyewe akasimama kando ya Tamiyo, akammwagia soba bakulini kwa heshima kama mgeni.

"Dada Tamiyo, mwaka mpya wasichana wanakwenda makwao. Nishikie kazi mpaka Februari tu."

Tamiyo akasema amechoka.

"Najua, dada yangu. Mpaka Februari." Tonge jingine likaingia.

Tamiyo alilitazama. Akala taratibu, akaokota kwa vijiti hata unyuzi uliogandamana ukingoni. Yasuko alikuwa ameshainua kibakuli kingine. Tamiyo akaweka kifuniko. Ulikuwa mkono wa kushoto, lakini uliwahi.

Soba ikaangukia juu ya kifuniko, ikateleza mezani. Wasichana wakaacha kutafuna. Katika mkahawa ule hapakuwa na mtu aliyewahi kumfunulia mlaji bakuli alilokwisha kulifunika, na Yasuko, aliyefundishwa kazi hiyo na mama mkwe wake, alilijua hilo kuliko wote.

"Nashukuru kwa chakula," Tamiyo akasema.

Yasuko alichukua kitambaa, akafuta meza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akauliza, sauti chini, kama aproni ataiacha leo au atakwenda kuifua kwanza.

"Naiacha. Mkono wa kufulia sina."