Lenzi Pana na Uso wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu sikuwahi kumwona usoni. Nilimjua kwa sauti, kwa miguu, na kwa pindo la kanga yake ya kahawia lililokuwa likipotelea mlangoni kila nilipoingia uani. Kijijini kwao, Sepuka, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Ukikutana naye njiani, unampisha na kugeukia kichakani. Ukimwamkia, unauamkia ukuta wa tembe, nyumba yao ya udongo, naye anakuitikia kutoka ndani, na maisha yanaendelea. Tuliishi hivyo miaka tisa bila ugomvi, mpaka mke wangu aliponiomba picha.

Nilikuwa na studio ndogo Manyoni, karibu na stesheni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu tulivyozoea kuvisikia tu vikawa vinashushwa kwenye mabehewa na mabasi: redio, saa, viatu vya mtumba, hata filamu za rangi. Mwaka huo mama mkwe aliota uvimbe tumboni, na madaktari wakasema lazima apasuliwe kwenye hospitali kubwa Dodoma. Mke wangu alikaa kwenye benchi la wateja, kitu ambacho hakuwa akikifanya, akanitazama.

"Mama hajawahi kupigwa picha hata moja," akasema. "Akienda asirudi, watoto watamjua kwa kitu gani? Nataka uso wake, baba watoto. Uso tu."

Niliogopa, na siogopi kusema kwamba niliogopa, maana mimi kwa uoga nimejaliwa. Kumpiga mtu picha ni kumkodolea macho. Unafumba jicho moja, unamsogelea, unamwambia inua kidevu, unamtazama mpaka unajua kope zake. Kwa mama mkwe hilo ni balaa. Yeye mwenyewe alishasema, "Mkwe wangu aniangalie kwenye hicho kitundu? Bora niende hivyo hivyo." Fundi mwingine hakumtaka, kwa sababu hakutaka mwanamume mgeni amwelekezee chombo akiwa mgonjwa. Na mimi, kusema kweli, nisingekubali watu waseme fundi picha wa Manyoni ameazima fundi kumpiga picha mkwewe.

"Basi nipe mimi kamera nibonyeze," mke wangu akasema.

Nikacheka. Kamera ile ilikuwa jembe langu, na hakuna aliyeigusa zaidi yangu. Nikamwambia mkono wake utatikisika, filamu itaharibika, kila kitu kitatoka ukungu.

Ndipo ikaja lenzi. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita na treni kutoka Dar aliitoa kwenye begi, imefungwa kwenye soksi. Ilikuwa lenzi ya kuvuta, inaanzia milimita kumi na tisa na kuishia thelathini na tano, pana kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Haikutengenezwa na wale waliotengeneza kamera yangu, ndiyo maana bei yake niliweza kuimudu. Nikaifunga kwenye kamera, nikasimama mlangoni pa studio, nikachungulia. Bila kugeuza kichwa nikaona ghala la stesheni upande huu na tangi la maji upande ule. Kwa lenzi hii ningeweza kuelekeza jicho kwenye mlango wa nyumba, na mama mkwe, akiwa amekaa pembeni kabisa, angeingia kwenye picha bila mimi kumtazama.

Kabla ya kwenda Sepuka nilitafuta maoni ya wenzangu. Jirani yangu, mwenye studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, aliigeuza mkononi kama anayenunua nyanya. "Hii ni kitako cha chupa ya soda," akasema. "Ukiielekeza kidogo tu kwenye jua, picha yote inaota madoa." Sikumjali. Huyo alisema vibaya juu ya kila kitu ambacho hakuwa nacho. Wa pili alikuwa fundi wa harusi wa Singida mjini, aliyekuwa na lenzi ya aina hiyo hiyo, na yeye aliisifia mpaka mate yakamtoka. Alisema amewaingiza watu ishirini na mbili kwenye sebule moja, na bibi harusi akaonekana viatu. "Piga jua likiwa kali, funga tundu la mwanga hadi namba kumi na moja, kingo za picha zitatulia. Kwa bei hii, kaka, unataka nini zaidi?" Hayo ndiyo niliyotaka kuyasikia, nikayabeba.

Wa tatu alikuwa mzee wa Itigi, aliyewahi kuajiriwa kupiga picha huko nyuma kisha akastaafu na kurudi kufuga kuku. Nilimpelekea picha za majaribio. Nilikuwa nimepiga reli, na mbuzi waliokuwa wakivuka reli. Reli ya katikati ilikuwa imenyooka. Mbuzi wa pembeni alikuwa mrefu kama ng'ombe, kichwa kimevutwa kuelekea kona.

"Umeona ilivyomfanya mbuzi?" mzee akaniuliza.

"Nimeona, mzee. Ila ni mbuzi."

"Si lenzi mbaya. Katikati inakata vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini sikiliza, mwanangu. Pembeni weka ukuta, weka mti, weka ng'ombe wa watu. Usimweke mtu unayempenda."

Nilirudi Manyoni na maneno hayo, na usingizi ukapungua. Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke: nilijua kabla. Lakini kila nilipofikiria njia nyingine niliona jicho langu kwenye uso wa yule mama, nikaiacha. Nikajiambia mbuzi alikuwa karibu mno. Nikajiambia nitafunga tundu la mwanga hadi kumi na moja.

Tulifika Sepuka Jumamosi, na mama alikuwa asafiri Jumatatu. Saa sita, jua la utosi, upepo ukirusha vumbi la uani. Nikaweka kamera nikiielekeza kwenye mlango wa tembe, nikamweka baba mkwe wangu mlangoni na wajukuu miguuni pake. Mke wangu akaenda ndani kumtoa mama. Nilimsikia mama akikokota kandambili, nikasikia kigoda kikiwekwa kushoto kwangu, karibu kuliko nilivyopanga. Nikataka kusema kirudishwe nyuma. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumwambia mama mkwe asogee, nikarudisha jicho mlangoni.

"Shikamoo mama," nikauambia mlango.

"Marahaba, mkwe. Fanya haraka."

Nikabonyeza. Jicho langu halikutoka kwenye bawaba ya mlango. Nikabonyeza tena, na tena, kwa sababu jinsi alivyokaa, kama amefumba macho, kama kanga imemfunika, nilikuwa sijui hata kimoja. Pembeni ya kitundu kulikuwa na kitu cha kahawia, basi. Sijawahi kupiga picha kwa hofu namna ile, hata siku ambayo mkuu mmoja alipita studio na msafara wake. Nilipomaliza, kandambili zikakokotwa kurudi ndani.

Filamu niliituma Dodoma kwa treni kusafishwa, na mama mkwe akapita Manyoni kwa basi kwenda hospitali. Sikutoka nje basi liliposimama. Mke wangu ndiye aliyepeleka uji na chungwa dirishani. Habari zikaja kwamba upasuaji umesogezwa mbele, damu yake haitoshi, atakaa wodini siku kumi kwanza.

Picha zilirudi siku ya tano. Nilifungua bahasha nikiwa peke yangu, nimesimama. Baba mkwe safi kabisa, mlango safi, ungeweza kuhesabu misumari. Wajukuu wanacheka. Na kushoto, kwenye kigoda, mwanamke ambaye kichwa chake kilikuwa kimevutwa kuelekea kona mpaka shavu moja limekuwa mara mbili ya jingine, jicho la upande huo limerefuka, na mdomo umekwenda nalo. Picha zote tatu zilikuwa hivyo. Ya mwisho, alikuwa amejaribu kutabasamu.

Hapo ndipo nilipokosea kuliko kosa la kwanza. Zilikuwa zimebaki siku tano. Dodoma si mbali, treni ipo, basi lipo. Ningemwambia mke wangu picha zimeharibika, nikampa kamera na lenzi yangu ya zamani, akaenda wodini, akakaa kitandani na mama yake, akabonyeza yeye. Mkono ukitikisika, utikisike. Badala yake nikaitia bahasha chini ya karatasi za studio. Niliogopa uso wake akiona uso wa mama yake. Kila jioni aliniuliza, "Picha hazijaja?" Nami nikamjibu kwamba wale wa Dodoma ni wazembe, unawajua. Nilijipa moyo kwamba mama atapona na nitapiga nyingine, na hii hataiona mtu. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha mpaka mwisho.

Mama mkwe hakuamka baada ya upasuaji.

Siku ya msiba mke wangu aliniomba picha kwa mara ya mwisho, mbele ya shangazi zake, na sikuwa na uongo uliobaki. Nikampa bahasha. Akaitazama ile anayotabasamu, akaigeuza, akasoma tarehe iliyopigwa mhuri nyuma na watu wa Dodoma, ya siku ambayo mama yake alikuwa bado hai. Akaisoma tena. Akaikata kwa mkasi, akaondoa mlango, baba yake na wajukuu, akabaki na mama peke yake, kipande cha upana wa vidole vitatu.

Baada ya matanga nilimweleza yule mzee wa Itigi. Akaniuliza, "Kwa nini hukumpa mke wako abonyeze?" Nikamwambia aliomba. Mzee akarudi kwa kuku wake.

Kipande kile kipo ukutani kwetu mpaka leo, kwenye fremu. Lenzi niliiuza kwa fundi mwingine, nikamweleza kasoro yake yote, akaicheka bei na kuichukua. Watoto wetu walipokua waliuliza kama bibi alikuwa na uso namna ile, na mke wangu aliwajibu kwa ukali kwamba hapana, bibi yenu alikuwa na uso wa duara, mashavu sawa, na mwanya. Aliwajibu hivyo miaka mingi.

Mwaka jana nilimkuta amesimama mbele ya fremu akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Akapangusa kioo. Kisha akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza jina la mtaa, "Baba watoto, hivi jicho la mama halikuwa hivi kweli?"

Aliyekuwa akiujua uso ule ni yeye; mimi siku ile uani nilikuwa nikiitazama bawaba ya mlango.