Majani ya Migomba Mbele ya Katapila

Watu wa Kalinzi walimcheka Mzee Eliakimu tangu siku ya kwanza, na mimi siwalaumu. Mtu kaja na katapila lake kutoka Kidahwe, kijiji kizima kimejipanga kutazama barabara ikichongwa mlimani, yeye anazima injini, anakata fimbo, anaanza kuteremka kwa miguu huku akichomachoma ardhi kama aliyepoteza sindano. Akashuka mpaka chini, akapanda, akashuka tena upande wa pili. Hee! Vijana wa bodaboda wakamuuliza kama anatafuta pa kuzikwa.

"Ndiyo," akawajibu, "na hapa sijapapenda."

Ndivyo alivyokuwa. Mzaliwa wa Ujiji, mtoto wa mvuvi, lakini ziwa hakulitaka. Ujana wake uliishia kwenye makambi ya barabara, akifundishwa kuendesha chuma kile cha minyororo kilichoundwa kabla yeye hajazaliwa. Kazi zikaisha, wenyewe wakaondoka, katapila likabaki likiota kutu, naye akalifufua. Milimani alikuwa na masharti yake, na hakuna mwenyekiti aliyewahi kumpunguzia hata moja. Mlima unapandwa wima na kushukwa wima. Ukiukata kwa ubavu, unabiringika. Gia unaichagua juu, kabla pua haijainama, na ukishaanza kushuka huigusi. Bamba la mbele, lile la kusukumia udongo, linakaa karibu na ardhi muda wote. Na chini ya katapila asibaki mtu, hata kuku ikiwezekana.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Chini ya mteremko palikuwa na nyumba moja tu, ya Astérie na mumewe Ntirampeba, watu waliotoka Burundi zamani na kulima kahawa hapo hadi wakazeeka. Ntirampeba alivunjika nyonga, hatembei. Mwenyekiti Feliksi alipokwenda kuwaomba watoke kwa asubuhi ya kukata barabara tu, Astérie alikubali. Mwenyekiti alipoondoka, mumewe akageukia ukutani. "Mimi nimehamishwa vya kutosha," akamwambia mkewe. "Barabara na ije, itanikuta." Mama wa watu akaona aibu kumrudia mwenyekiti na habari za ubishi wa mumewe, akanyamaza. Feliksi naye akampelekea Eliakimu jibu: wametoka wote.

Sasa sikia walichofanya akina mama. Pale kwao mgeni wa heshima hakanyagi udongo mtupu. Akija askofu, akija bibi harusi, njia inatandikwa nyasi na majani ya migomba. Na mgeni gani angekuwa mkubwa kuliko huyu wa kuwaletea barabara, wao waliozoea kushusha wajawazito kwa machela? Asubuhi hiyo mvua imetoka kunyesha, Eliakimu yuko nyuma ya kilele anahangaika kuliwasha zee lake, wao wakautandika mteremko mzima. Kwa upendo kabisa! Kisha wakasimama kando, vigelegele tayari.

Pua ikainama ukingoni. Ndipo Eliakimu alipoona kijani.

"Nani ka..." Hakumaliza. Minyororo ilikanyaga majani yaliyolowa, na chuma chote kile kikaanza kuteleza. Mguu wake ukaenda wenyewe kwenye breki. Minyororo ikaacha kuzunguka, na badala ya kusimama katapila likazidi kasi, likawa linaserereka tu kama watoto wanavyoserereka juu ya gogo la mgomba. Na kule chini, mlangoni pa nyumba aliyoambiwa haina mtu, akamwona Astérie kasimama, mikono kaitanua, anapiga kelele zisizosikika.

Akajua hapo hapo kwamba ndani kuna mtu.

Mwili wake wote ulitaka kuvuta mkono wa kukatia kona, aiepuke nyumba. Lakini katapila la zamani, kwenye mteremko kama ule, ukivuta mkono wa kulia linaweza kukupeleka kushoto, maana mnyororo ulioulegeza ndio unaokimbia zaidi. Na likikaa ubavu, litabiringika mpaka juu ya paa. Usalama wa yule mama ulikuwa ni kumwelekea yeye moja kwa moja. Hebu fikiria mwenyewe! Eliakimu akaiacha ile mikono ya kona. Akafanya na la kutisha zaidi: akaachia breki, minyororo izunguke ipate kushika, kisha akalibwaga bamba chini kwa uzito wake wote.

Bamba likakusanya majani, rundo juu ya rundo, likakwangua, likafika kwenye udongo, likauma. Katapila likatikisika, likapunguza, likapunguza tena, likasimama katikati ya mihogo ya Astérie, karibu naye kiasi kwamba joto la injini lilimpiga usoni.

Akazima. "Asante Mungu, asante Mungu," alikuwa akisema kwa sauti, wala hajijui. Winfrida, kiongozi wa akina mama, akaja mbio, kanga mkononi.

"Mzee, tusamehe! Tulitaka kukuheshimu."

"Mmeniheshimu, mama. Msirudie."

Akashuka, akampita Astérie aliyekuwa bado katanua mikono, akaingia ndani. Ntirampeba alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni.

"Wewe ndiye mwenye dude?"

"Ndiye mimi. Umeamkaje, mzee mwenzangu?"

"Nimeamka. Uliogopa?"

"Niliogopa, ndugu yangu. Mpaka sasa naogopa."

Ntirampeba akashusha sauti. "Mimi nimejikojolea."

Wakatazamana. Eliakimu ndiye aliyeanza kucheka, na akishaanza yeye hajui kuacha. Wakacheka wazee wale mpaka kitanda kikalia, mpaka mmoja akakohoa na mwenzake akafuta machozi kwa kofia. Eliakimu alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Basi nitoe," Ntirampeba akasema cheko lilipopungua. "Nitoe, ndugu. Nilikuwa nadhani sijali tena kufa."

Eliakimu akainama, akampa mgongo. Mikono ya yule mgonjwa ikamkaba shingo kwa nguvu ambayo hakuitarajia kabisa. Walipotokeza mlangoni, Astérie akashusha mikono yake, akakaa chini udongoni, akalia kwa sauti.