Upepo Juu ya Shamba la Lubbert

Harmke Nijkamp alikuwa mchora ramani za maafa. Miaka yote ya kazi yake aliketi ghorofani mjini Zwolle akitazama mafuriko ya watu wengine, ng'ambo ya dunia, kwenye picha za setilaiti. Aliyazungushia maji mstari, akayapaka buluu, akawapelekea waokoaji. Hakuwahi kulowa kiatu. Jioni alirudi nyumbani macho yamemwiva, akanywa supu yake ya njegere na kulala kama gogo.

Baba yake alikuwa mlinda tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia mto. Enzi zile mto ukijaa, kila shamba lilitoa mtu, wakatembea juu ya tuta wawili wawili na taa na koleo, wakiukanyaga udongo kusikia kama umelainika. Mto ulijulikana kwa nyayo. Kisha wakaja wataalamu, wakasema ya nini kuwatoa wazee baridini, na chombo kiko angani kinaona kila kitu. Koleo zikatundikwa ukutani mwa baa, pambo la watalii. Aonaye kutoka juu namna ile haulizi mtu, na asiyeulizwa mwisho husahau alichokijua.

Mwaka huo mafuriko yakaja kwao wenyewe. Mto IJssel ulivimba mwishoni mwa Desemba, na shamba la Nijkamp liko upande mbaya, kati ya tuta dogo la kando ya mto na tuta kubwa la nyuma. Kaka yake Lubbert, mjane, alibaki humo na ng'ombe wake, juu ya kilima cha udongo walichokipandisha mababu. Barabara ya kumtoa ni moja tu, nayo hupita malishoni.

Asubuhi picha ilishuka. Setilaiti ile haitazami kwa jicho. Hurusha mawimbi ya rada chini na kungoja yarudi. Maji yaliyotulia hayarudishi kitu, kwa hiyo hutoka meusi tii. Ardhi hutoka kijivu. Harmke alikuwa hajalala vizuri juma zima. Akaona barabara ya Lubbert ni ya kijivu, na malisho pembeni kijivu, akamshukuru Mungu, akapaacha peupe kwenye ramani, bila buluu. Sietske, mkuu wa zamu, akaituma. Lori la kubebea ng'ombe likang'oa nanga mjini Deventer.

Harmke akampigia kaka yake kumpa habari njema.

"Kaka, lori linakuja. Barabara ni kavu."

"Kavu?" Lubbert alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia? Nimesimama hapa chini ya kilima, hata vigingi vya uzio sivioni. Hicho chombo chenu kina mtoto wa jicho."

"Picha inaonyesha ardhi."

"Basi njoo uvue samaki kwenye hiyo ardhi yako. Upepo unayakoroga maji huku, mawimbi yananirukia magotini."

Upepo. Maji yakichafuliwa na upepo hurudisha mawimbi ya rada kama shamba lililolimwa, nayo hutoka kijivu. Jambo hilo yeye mwenyewe aliwafundisha wageni siku yao ya kwanza kazini. Baba yake angetoka tu nje, akalowesha kidole kuupima upepo.

"Nalirudisha lori, kaka."

Sauti ya Lubbert ikashuka.

"Usilirudishe, Harmke. Barabara imeinuka kuliko malisho, maji yake hayapiti magoti, na lori lina miguu mirefu. Nitamwelekeza dereva kwa simu. Boti haibebi ng'ombe."

"Na akikosa ukingo?"

"Barabara ile naijua hata gizani."

"Unaijua wewe. Dereva haijui."

"Yule ng'ombe Klara ana mimba, mdogo wangu. Baba asingewaacha."

"Baba asingempeleka mtoto wa mwenzake majini."

"Baba asingekuwa amekaa ghorofani," akasema Lubbert, akakata simu.

Harmke akageuka. "Sietske, ifute ramani. Nimekosea."

"Mama wee! Imeshafika mkoa mzima. Una hakika?"

"Lipigie lori kwanza. Kunisema utanisema baadaye."

Dereva alikuwa amekwisha kushuka kutoka tuta kubwa, magurudumu ya mbele yako majini. Alidhani ni dimbwi la mvua, maana ramani ilisema pakavu. Akarudi kinyumenyume, akitukana.

Adhuhuri boti ya mpira ilimchukua Lubbert. Kabla ya kupanda aliwafungulia ng'ombe wote na kuacha milango wazi. Waokoaji walisimulia kwamba ng'ombe waliifuata boti, wakiogelea, wamekaza macho kwa bwana wao, mpaka walipochoka. Yeye hakugeuka kutazama.

Harmke alikuwa bado na kazi. Ramani mpya ilitakiwa. Akapaka buluu barabara, akapaka malisho, akafika kwenye nyumba aliyozaliwa. Akaipaka.

Sasa Lubbert anaishi kwa dada yake, ghorofani. Hunywa kahawa na biskuti yake moja bila kusema neno, na dada hamlazimishi. Asubuhi tu, kabla Harmke hajavaa koti, mzee hufungua dirisha, akalowesha kidole, akakitoa nje.

"Kusini magharibi," husema, bila kumtazama. "Mkali."

Ndilo neno pekee analompa kwa siku nzima. Naye hulibeba mpaka kazini.