Mafundo Kumi na Firigisi Moja

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinitafutie upole. Sikuupata nikiwa mdogo na sasa sina haja nao. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkikuta kosa la kuandika, rukeni muendelee. Kosa la kukumbuka hamtakuta.

Siku hizi mnasema wasiwasi. Mnasema afya ya akili, na huko hospitalini kuna mtu wa kukaa naye mkazungumza. Ni vizuri, nendeni, msiogope kuonekana mkiingia. Wakati wangu kulikuwa na jina moja tu, wazimu, na mwanamke akishapewa hilo jina anarudishwa kwao kama sufuria iliyotoboka. Watoto wanabaki. Mimi niliponea kidogo. Aliyetaka nirudishwe bado yuko hai, anakunywa chai yake na mkate, na hilo ndilo linanipa nguvu ya kuandika.

Bendera ilikuwa imebadilishwa juzi tu. Mume wangu alipata shamba mbele kidogo ya Chekalini, kipande cha ardhi iliyokuwa ya Mzungu. Tulitoka Shinyalu, mahali ambapo ukikohoa jirani anakuuliza umelala wapi, tukafika mahali penye nyasi na waya na upepo. Tulikuwa watano: mume wangu, mimi, binti zetu wawili, mmoja anatembea na mmoja yuko mgongoni, na dada mkubwa wa mume wangu. Huyo wifi alikuwa ameacha ndoa yake akaja, alisema, kutusaidia. Mimi sikumwita.

Siku ya kwanza hali hiyo ilinikuta nalima. Jua lilikuwa la kawaida, jembe lilikuwa la kawaida, hakuna nyoka, hakuna mtu amepiga kelele. Moyo ukaanza kukimbia. Mikono ikawa baridi kama nimeiosha mtoni, midomo ikafa ganzi, na hewa ikaisha, hewa ya shamba zima ikaisha. Nilijua nakufa. Nilikaa chini juu ya udongo, nikamshika mtoto mgongoni kwa mikono miwili, nikangoja kufa. Sikufa. Baada ya muda ikapita, nikabaki na jasho na aibu.

Ikarudi nikiwa mtoni. Ikarudi nikiwasha moto. Nikamwambia mume wangu, "Moyo wangu unakimbianga."

Akaniuliza, "Unakimbia wapi?"

Hakuwa ananidharau. Alikuwa anataka kujua kweli, maskini wa Mungu. Lakini wifi alikuwa mlangoni anachambua mboga, akajibu kabla yangu: "Unakimbilia kwao. Mwambie aufuate."

Akacheka mpaka mboga zikamwagika. Hicho kicheko ninacho mpaka leo, nimekiweka.

Kuanzia hapo kila kitu changu kikawa dalili. Nikikaa kimya, ni kichwa. Nikisema sana, ni kichwa. Chumvi ikizidi kwa mboga, ni kichwa. Akawa anamchukua mtoto wangu mkononi mwangu mbele za watu, pole pole, vile unamnyang'anya mlevi panga. Akatuma maneno nyumbani Shinyalu kwamba bibi ya ndugu yake ameharibika. Na baba zake wadogo wawili wakafunga safari waje waone.

Sasa hapa mnisikilize, kwa sababu nyinyi mnakula kuku kila mtu na kipande anachotaka. Enzi zile mwanamke wa kwetu hakulanga kuku. Alimfuga, akamkimbiza, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika, halafu akabaki na harufu. Na firigisi ilikuwa na mwenyewe. Mgeni mkubwa akiletewa bakuli, mkono wake unatafuta firigisi kwanza. Isipokuwepo, si chakula tena hicho, ni matusi. Watu wameachana kwa ajili ya firigisi.

Wazee walifika mchana. Nikapika. Mchuzi uko tayari, nimeshapakua kwenye bakuli, firigisi juu kama inavyotakiwa, ndipo moyo ukaanza. Niliona nikibaki hapo nitaangukia moto. Nikatoka, nikashika ukuta wa ghala nyuma ya nyumba, nikapigania hewa. Niliporudi nilibeba bakuli vile lilivyokuwa, nikapiga magoti, nikaweka mbele ya wazee. Nilikuwa nafikiria magoti yangu tu, yasiteleze.

Mzee mkubwa akapindua vipande na vidole. Akapindua tena.

"Mama," akaniambia, "huyu kuku alikuwa anakulanga na nini? Hana firigisi?"

Sikuweza kujibu. Ulimi ulikuwa umekauka ukashika juu. Mikono inatetemeka mbele yao wote, jasho linashuka. Mtu mwenye hatia anafananaje? Anafanana hivyo hivyo.

Wifi akasema, kwa sauti ya kanisani, "Baba, msimlaumu. Amekula. Mtu wa kichwa kibaya hajui mwiko."

Nikamwangalia. Midomo yake ilikuwa inang'aa. Siku hiyo mafuta yalikuwa kwa kuku tu, na mwanamke hali kuku. Niliiona ile midomo vizuri kama ninavyoona karatasi hii, na sikuweza kutoa neno. Hiyo ndiyo sababu sijasamehe. Kuiba firigisi ni ulafi tu. Lakini aliiba akijua kwamba ugonjwa wangu utanifunga mdomo, na aliutumia ugonjwa wangu kujipangusia mikono.

Wazee walizungumza nje, hawakuficha sauti. Waliamua nirudishwe kwetu, watoto wabaki na shangazi yao, na mume wangu atafutiwe mwingine mwenye akili. Mdogo wao akauliza, "Aende lini?"

Mkubwa akajibu, "Baada ya mavuno. Mikono yake bado inahitajika shambani."

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Hakuwa na viatu, aliangalia miguu.

Basi nikaachiwa msimu mmoja. Nikaanza kulima na hasira, na niwaambie ukweli, hasira ilinishika wima siku ambazo kitu kingine kisingeweza.

Wakati wa kupanda alikuja bwana shamba kutufundisha kupanda kwa mistari. Kwetu tulikuwa tunatupa mbegu vile mkono unavyoenda. Yeye alileta kamba ndefu ya katani yenye mafundo. Unaivuta kutoka upande hadi upande, unaikaza, na kila fundo unainama, unatia mbegu mbili, unafukia, unasonga. Siku ya pili ya hiyo kazi moyo ukaanza kukimbia nikiwa katikati ya mstari. Sikuwa na mahali pa kukaa, wifi alikuwa mwisho wa kamba akiniangalia kama mwewe, na sikutaka aone. Nikasema moyoni, fundo hili tu. Nikainama nikavuta hewa, nikatia mbegu, nikafukia nikatoa hewa. Halafu, fundo hili tu. Nilipofika la kumi mikono ilikuwa imerudi kuwa yangu.

Sikumwambia mtu. Nilikata kipande cha kamba ya zamani, nikafunga mafundo kumi, nikaivaa kiunoni chini ya leso. Moyo ukianza, mkono wangu unaingia chini ya leso na kushika la kwanza. Hewa ndani, hewa nje, la pili. Haikuniponya. Msidanganywe na mtu anayewaambia kitu kimoja kitawaponya. Lakini ilinipa kitu cha kufanya wakati nangoja ipite, na nilijifunza kwamba inapitanga. Nilijifunza pia kula asubuhi hata kama sitaki, kwa sababu tumbo tupu lilikuwa linaiita. Na nilijifunza kuisema kwa sauti, nikiwa peke yangu na mahindi: moyo unakimbia, siyo kifo, nishafika fundo la nne.

Mahindi yakakomaa, tukavuna, ghala likajaa. Wazee wakatuma habari kwamba wanakuja. Wifi akaanza kumpima binti yangu mdogo nguo, akisema, "Hii nitaikata, wewe utakuwa mtoto wangu sasa." Nikamwacha aseme. Nilikuwa nimechagua kuku wawili.

Wawili, mnasikia? Niliwapika wote. Firigisi ya kwanza nilifunga kwa jani la mgomba, nikaificha chini ya kikapu cha maharagwe. Ya pili niliipika ikaiva, nikaipasua tumboni, nikachukua nyongo mbichi ya kuku, ule mfuko mdogo wa kijani, nzima bila kuitoboa, nikaiweka ndani. Nikaishona na uzi mweusi mmoja. Nikaiweka kwenye sahani karibu na jiko, inatoa mvuke, inanukia. Halafu nikashika ukuta, nikahema kwa nguvu ili wifi anisikie, nikatoka.

Lakini sikwenda nyuma ya ghala. Nilikwenda mbele, nikatandika mkeka mbali kidogo na wazee kama heshima inavyotaka, nikakaa, mikono yangu juu ya magoti mahali ambapo kila mtu anaiona.

Mzee mkubwa akashangaa. "Mama, na jikoni umeachia nani?"

"Nimeacha wazi, baba. Chakula kiko tayari, napumzika kidogo."

Na hapo ndipo moyo wenyewe ukaanza kukimbia, sasa kweli. Nilikuwa nimeigiza na sasa ilikuwa imekuja. Binti zangu walikuwa wanacheza karibu na ghala. Nikafikiria, asipochukua, leo jioni natembea barabarani peke yangu. Nikaingiza mkono mmoja chini ya leso. Fundo la kwanza. La pili. Mzee alikuwa anasema habari ya mvua na mimi naitikia, ndiyo baba, ndiyo baba. La tano. La sita. Nilikuwa nimeshika la saba niliposikia kikohozi jikoni.

Halafu akatoka. Alitoka mbio, ulimi nje, mate ya kijani ya nyongo mpaka kidevuni, uzi mweusi unaning'inia mdomoni, macho yamejaa machozi. "Maji! Nileteeni maji! Huyu mwanamke ameniwekea sumu!"

Mzee akasimama. "Sumu? Ndani ya nini?"

"Kwa firigisi!" akapiga kelele.

Hata kuku waliobaki uani walinyamaza, au nimeongeza hapo, sijui. Yeye mwenyewe ndiye aliyesikia wa mwisho alichosema. Akafunga mdomo, na uchungu ukamlazimisha kuufungua tena.

"Binti yetu," mzee akasema polepole, "hiyo firigisi ilikuwa inatafuta nini kwa mdomo wako?"

Nikainuka. Nikaingia jikoni, nikatoa lile jani chini ya kikapu, nikaweka firigisi ya kweli juu ya bakuli, nikaja nikapiga magoti. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaiacha itetemeke. Ulimi ulikuwa mzito lakini ulisogea. Nikasema, "Baba, moyo wangu unakimbianga. Hiyo ni kweli na sijaficha. Lakini akili yangu iko. Na siku ile sikula."

Mzee mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa macho. "Na mlikuwa mnasema huyu hana akili! Mtu ameshona nyongo ndani ya firigisi! Mimi bibi yangu hawezi hata kushona kifungo!"

Mzee mkubwa hakucheka. Aliikata firigisi kwanza katikati, akaangalia ndani, ndipo akala. Halafu akamwambia mume wangu, "Bibi yako atakaa." Na kwa wifi akasema, "Wewe utarudi na sisi." Mizigo yake niliifunga mimi mwenyewe, na nilikaza kamba.

Nitawadanganya nikisema moyo uliacha kukimbia siku hiyo. Unakimbia hata sasa, uzeeni. Juzi ulikimbia nikiwa kanisani, nikashika fundo mpaka wimbo ukaisha. Lakini sijawahi tena kuona haya juu yake. Mume wangu alijifunza kuuliza swali zuri zaidi. Alikuwa anasema, "Umefika la ngapi?" na kuningoja. Kwa hilo peke yake nilimsamehe miguu yake.

Yeye wifi sikumsamehe. Alirudi miaka mingi baadaye, mimi nina wajukuu. Nilimpa chai na nikaona kikombe kinagonga sahani. Midomo imepauka. Akaniambia bila kuniangalia, kwa lile neno letu la wifi, "Mulamwa, moyo wangu siku hizi unakimbia."

Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi mpaka nikasikia joto tumboni. Nilimwangalia anavyotafuta hewa ya nyumba yangu, nikamwacha aitafute kidogo. Nilitamani kumwambia aufuate. Halafu nikainuka nikakata kamba, kwa sababu ule ugonjwa naujua na nisingeweza kuuangalia tu, hata ukiwa kwake. Nikamwonyesha hewa ndani, hewa nje. Mikono yake ikatulia.

Nilimfungia mafundo tisa. La kumi atajifungia mwenyewe siku atakayosema neno moja juu ya ile firigisi. Mpaka leo anatembea na tisa.

Alipoondoka niliwaita wote wa nyumba hii jikoni, wakubwa kwa wadogo, wake wa watoto wangu na wajukuu, nikawaambia: "Mtu yeyote wa hapa akisema moyo wake unakimbia, apewe kiti kabla ya kupewa jina. Shangazi yenu naye akija, mpeni kiti, mpeni chai, mpeni mguu wa kuku na mgongo wake. Lakini asikanyage jikoni kwangu. Na nyongo isitupwe mpaka ameondoka."